Karatasi Nzima Inakunjika kwa Mpigo Mmoja!

Kuna kitelezi kimoja tu unachohitaji kukigusa, na ukishakigusa hutaki kukiacha. Ni kitelezi cha asilimia ya mkunjo. Kikiwa kwenye sifuri, mbele yako kuna karatasi bapa yenye mistari myekundu na ya buluu. Kisukume taratibu kuelekea mia: mistari myekundu inainuka kuwa migongo ya milima, ya buluu inazama kuwa mabonde, pembe nne za karatasi zinasogeleana, katikati panajikusanya, na kabla hujauliza nani ameishika hiyo karatasi, ndege amesimama kwenye skrini na shingo yake na mkia wake na mbawa zake mbili! Kirudishe kwenye sifuri, ndege anafunguka kuwa karatasi. Kisukume upande wa pili, chini ya sifuri, na milima yote inageuka mabonde, mabonde yote yanageuka milima. Husubiri chochote. Mkono unaposogea, karatasi inasogea.

Programu yenyewe inaitwa Origami Simulator. Aliyeitengeneza ni Amanda Ghassaei alipokuwa katika kituo cha Center for Bits and Atoms cha chuo kikuu cha MIT, Marekani, na maelezo ya kitaalamu ya namna inavyofanya kazi ameyaandika pamoja na Erik Demaine na Neil Gershenfeld, yakachapishwa mwaka 2018. Hayo si majina madogo. Demaine aliajiriwa kufundisha MIT mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 20, na hisabati ya kukunja karatasi ni mojawapo ya mambo yaliyompa jina. Gershenfeld ndiye aliyeanzisha zile karakana za Fab Lab zilizosambaa duniani, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na kazi ya watu hawa inafunguka ndani ya kivinjari cha kawaida: hakuna cha kusakinisha, hakuna akaunti ya kufungua, hakuna senti ya kulipa. Maneno ya kwenye skrini ni ya Kiingereza, lakini ni machache, na baada ya dakika chache macho yako hayasomi tena, yanatazama karatasi.

Sasa nieleze kwa nini nimeshikwa kiasi hiki, maana picha za karatasi inayojikunja tumeziona miaka mingi kwenye katuni na matangazo. Hizo zimechorwa. Mchoraji ameamua kila kona iende wapi. Hapa hakuna aliyeamua! Programu inapewa mchoro wa mistari na maagizo ya kila mstari uishie kwenye pembe gani, basi. Umbo la mwisho halimo ndani ya faili. Linapatikana kwa hesabu, mbele ya macho yako, kila unaposukuma kitelezi.

Na jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba haikunji kwa hatua. Sisi tumezoea hatua. Aliyewahi kutengeneza mashua au ndege kwa karatasi ya daftari anajua mpangilio: kunja katikati, fungua, kunja pembe, geuza, bana, vuta. Vitabu vingi vya origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi, vimeandikwa hivyo, kwa sababu mtu ana mikono miwili tu. Origami Simulator inakunja mikunjo yote kwa wakati mmoja, kila mmoja nyuzi chache, yote ikisonga pamoja kutoka ubapa hadi umbo. Binadamu hawezi kumkunja ndege korongo wa karatasi namna hiyo. Kompyuta inaweza, na unapomtazama korongo akiinuka mzima kwa mpigo unaanza kuona kitu ambacho hatua zilikuwa zinakificha: kila mkunjo unautegemea mwingine. Ukisogeza mmoja, umeisogeza yote.

Fungua mfano uitwao Miura-ori ulione hilo. Huu ni mtindo wa Koryo Miura, mhandisi wa Kijapani wa masuala ya anga: karatasi imegawanywa kuwa misambamba mingi inayofanana, mistari ya upande mmoja imenyooka na ya upande mwingine inakwenda msegemnege. Miura alikuwa akitafuta namna ya kufunga kitu kipana kiingie ndani ya roketi kisha kifunguke huko juu bila fundi wa kukisaidia, na mwaka 1995 safu ya paneli za jua iliyokunjwa kwa mtindo wake ilirushwa ndani ya chombo cha Kijapani kilichoitwa Space Flyer Unit, ikafunguka angani. Kwenye skrini utaona kwa nini aliupenda. Karatasi ikijikunja inapungua urefu na upana kwa pamoja. Ukiifungua, inapanuka pande zote mbili kwa pamoja. Vitu vingi tunavyovijua, ukivivuta upande mmoja vinasinyaa upande mwingine. Huu unafanya kinyume.

Lakini kuna siri ndani ya Miura-ori ambayo ndiyo roho ya programu nzima. Kwenye kila kipeo, yaani nukta ya makutano, inakutana mistari minne. Ukiiambia yote ikunjike nusu, yaani nyuzi 90 kila mmoja, je, inawezekana? Haiwezekani! Jiometria inakataa. Mikunjo iliyo kwenye mstari ulionyooka na ile ya msegemnege inaanza pamoja kwenye sifuri na inamaliza pamoja kwenye nyuzi 180, lakini njiani jozi moja inatangulia na nyingine inafuata. Hakuna hata sehemu moja ya safari ambako zote zinalingana. Kwa hiyo agizo unalolitoa kwa kitelezi, kunjikeni nyote asilimia 50, ni agizo ambalo karatasi halisi haiwezi kulitii. Programu ya kukunja ambayo ingefuata agizo hilo kwa ukaidi ingeichana karatasi. Hii haichani. Inatafuta mapatano kati ya kile ulichoagiza na kile karatasi inachokubali, na mapatano hayo ndiyo unayoyaona yakitembea kwenye skrini.

Inafanyaje? Hapa ndipo nilipoacha kucheza nikaanza kusoma, na ninawasihi wanaoandika programu wasome pamoja nami, kwa sababu algoriti yenyewe ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Nilitarajia hisabati ya kutisha. Nikakuta sheria ya Hooke, ile tuliyofundishwa sekondari kwa springi na mawe ya mizani.

Karatasi inachukuliwa kuwa fremu ya fito na bawaba. Wazo hili limetoka kwa wahandisi wawili wa Cambridge, Mark Schenk na Simon Guest, na Ghassaei anawataja waziwazi pamoja na Tomohiro Tachi wa Japani. Kila eneo kati ya mikunjo linakatwa kuwa pembetatu. Kila ukingo wa pembetatu ni ufito, na ufito huo una urefu wake wa asili ambao hautaki kuubadilisha: ukiuvuta unavuta, ukiubana unasukuma. Kila mahali ambapo pembetatu mbili zinachangia ukingo mmoja pana bawaba, na bawaba ina pembe inayoitamani. Uzito wote umewekwa kwenye vipeo. Ni hivyo tu! Ni kama kitanda cha kamba: ukikaza kamba moja pembeni, mvuto unazunguka kitanda kizima mpaka kila kamba ipate nafasi yake mpya.

Jaribu karatasi ndogo kuliko zote, mraba wenye mkunjo mmoja wa kutoka kona hadi kona. Una vipeo vinne, fito tano na bawaba moja. Mimi nimeanza kuandika programu yangu kwa mfano huu, na ninausifu kwa kila anayetaka kuelewa badala ya kutazama tu. Unapima pembe ya sasa kati ya pembetatu mbili kwa kutumia mistari inayosimama wima juu ya kila moja. Unaitoa kwenye pembe inayotakiwa. Tofauti hiyo, ikizidishwa na ukakamavu wa mkunjo, inakupa nguvu ya kuzungusha. Nguvu hiyo inavisukuma vipeo viwili vya nje, kila kimoja kuelekea upande uliosimama wima juu ya pembetatu yake, na kadiri kipeo kilivyo mbali na mkunjo ndivyo kinavyohitaji msukumo mdogo. Vipeo viwili vilivyo kwenye mkunjo vinapokea jibu la kinyume, kwa uwiano ambao unaifanya jumla ya kani zote iwe sifuri. Hicho cha mwisho ndicho kitamu! Ukikisahau, karatasi inajikunja vizuri kabisa huku inaruka na kutoka nje ya skrini, kwa sababu umeipa msukumo usiotoka popote.

Kisha kwa kila kipeo unajumlisha: kani za fito zinazokigusa, kani za bawaba zinazokihusu, na kidogo cha kupunguza mtikisiko ili karatasi isibaki ikitetemeka milele. Jumla hiyo inabadilisha kasi, kasi inabadilisha mahali, na unarudia tena, na tena, na tena. Hakuna mfumo mkubwa wa milinganyo wa kutatua. Kila kipeo kinawasikiliza majirani zake tu, kinasogea kidogo, kinasikiliza tena. Ndege yule wa mwanzo hakuna kipeo chake hata kimoja kinachojua kwamba yeye ni ndege.

Uteuzi wa ukakamavu ndio unaoifanya ionekane karatasi na isionekane mpira. Karatasi inapindika kirahisi lakini inakataa kuvutika. Shika ya kwako ujaribu. Kwa hiyo fito zinakuwa ngumu sana na bawaba zinakuwa laini. Programu inakupa vitelezi vya vyote viwili, na cha tatu kwa ajili ya ile mistari iliyoongezwa wakati wa kukata pembetatu, ambayo kazi yake ni kuziweka nyuso zikae bapa. Legeza fito, na ghafla una mpira. Kaza mistari ya ndani ya nyuso, na una bati. Nimecheza na vitelezi hivi kuliko kitu kingine chochote ndani ya programu, na kila mara nilijifunza jambo kuhusu karatasi ambalo vidole vyangu vilikuwa vinalijua lakini kichwa hakijawahi kulisema.

Ugumu wa fito una gharama yake, na hili mwandishi wa programu atakutana nalo mapema. Hatua ya muda ikiwa kubwa mno, kipeo kinapitiliza mahali pake, ufito unakivuta kwa nguvu zaidi, kinapitiliza zaidi upande wa pili, na baada ya mizunguko michache namba zimepasuka na karatasi imetawanyika pande zote. Kadiri ufito unavyokuwa mgumu ndivyo hatua inavyotakiwa kuwa ndogo. Origami Simulator inaukokotoa ukubwa wa hatua kutokana na ufito mgumu kuliko wote. Lakini hatua ndogo maana yake ni hatua nyingi mno, na mchoro mkubwa una vipeo na fito tele. Basi ile kasi inatoka wapi?

Inatoka kwenye chipu ya picha! Na hapa nitaomba nisifu kwa sauti ya juu kabisa. Chipu inayochora picha kwenye kompyuta yako imejengwa ili ikokotoe rangi za nukta nyingi za skrini kwa wakati mmoja. Kivinjari hakikuitegemea chipu hiyo kwa hesabu za fizikia, kiliitegemea kwa michoro. Kwa hiyo programu inaifanya fizikia iwe mchoro. Mahali pa kila kipeo panaandikwa kama rangi ya nukta moja: kipimo cha kulia na kushoto kinakaa penye wekundu, cha juu na chini penye kijani, cha mbele na nyuma penye buluu. Picha nyingine inabeba kasi. Nyingine inabeba habari za mikunjo. Chipu inadhani inachora picha mpya kutoka picha za zamani, kumbe kila nukta inayoichora ni kipeo kinachokokotoa kani zake, vyote kwa pamoja, na hakuna jicho linaloziona picha hizo. Ubunifu wa namna hii unanifanya nisimame nitembee chumbani.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu bado sijataja kitufe ninachokipenda kuliko vyote. Unaweza kuiambia programu isipake karatasi rangi yake ya kawaida, ipake rangi kulingana na jinsi fito zilivyovutika au kubanwa. Buluu maana yake karatasi imestarehe. Nyekundu maana yake inateseka. Sasa zile kanuni mbili maarufu za hisabati ya origami zinaonekana kwa macho. Kanuni ya Kawasaki inasema kwamba ili kipeo kiweze kukunjwa mpaka kikalala bapa, pembe zinazokizunguka, ukizichukua moja na kuruka moja, lazima zijumlishe nyuzi 180. Kanuni ya Maekawa inasema tofauti kati ya idadi ya milima na idadi ya mabonde kwenye kipeo hicho lazima iwe 2. Nikachora kipeo cha mikunjo minne kinachovunja ya Kawasaki makusudi, nikakipakia, nikasukuma kitelezi. Programu haikuniletea ujumbe wa kosa. Ilijitahidi, ikakunja, ikakunja, na kadiri ilivyokaribia mwisho kipeo kikaanza kuwaka wekundu! Mwalimu anaweza kulieleza darasa kanuni hiyo kwa saa nzima. Rangi inaieleza kwa sekunde.

Mfano wenye hadithi nzuri zaidi ni ule wa miraba iliyo ndani ya miraba, mlima, bonde, mlima, bonde, hadi katikati. Ukiukunja kwa karatasi halisi unajipinda wenyewe kuwa umbo la tandiko la farasi, kona mbili juu na kona mbili chini. Mikunjo ya jamii hii ilifanyiwa majaribio katika shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1920, Josef Albers alipokuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwa karatasi, na tangu hapo watu wameikunja kwa furaha bila wasiwasi. Kisha Demaine na wenzake, Tachi akiwa miongoni mwao, wakathibitisha jambo la ajabu: kihisabati, umbo hilo la miraba haliwezi kuwepo! Kipande cha karatasi kilichozungukwa na mikunjo iliyonyooka hakiwezi kujipinda katikati bila kuvutika au kupata mikunjo mingine midogo. Karatasi ya mkononi inafanikiwa kwa kuvunja sheria kidogo kidogo mahali ambapo macho hayaoni. Wakaonyesha pia kwamba ukiongeza mkunjo wa kukata kila kipande kuwa pembetatu mbili, umbo linawezekana. Na programu hii, ambayo tangu mwanzo inakata kila kitu kuwa pembetatu, inakuonyesha mistari hiyo ya ziada ikijipinda. Ukiwasha rangi za mvutano na kuchezea ukakamavu wake, unakuwa unagusa kwa kitelezi swali lililowashughulisha wanahisabati.

Ina mapungufu, na ni ya kweli. Kubwa ni kwamba karatasi hii inaweza kujipenya. Nyuso mbili zikikutana, mmoja unapita ndani ya mwenzake kana kwamba hakuna kitu. Kwenye Miura-ori hulioni tatizo, kwenye korongo aliyekunjwa kwa tabaka nyingi utaliona. Siwezi kuwalaumu, maana swali la tabaka lipi likae juu ya lipi ni gumu kwa kiwango kingine kabisa: mwaka 1996 Marshall Bern na Barry Hayes walithibitisha kwamba kuamua kama mchoro wa mikunjo unaweza kulazwa bapa ni tatizo la daraja lile ambalo hakuna anayejua algoriti ya haraka ya kulitatua kwa kila mchoro. Fito na bawaba hazisemi lolote kuhusu tabaka.

Halafu karatasi hii haina unene. Karatasi halisi unene wake ndio unaoshinda: kila unapoikunja katikati unene unaongezeka maradufu. Mwaka 2002 Britney Gallivan, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari huko California, alipata fomula ya urefu wa karatasi unaohitajika kwa kila idadi ya mikunjo, kisha akaikunja karatasi ya chooni yenye urefu wa takriban mita 1200 mara 12, wakati watu walikuwa wakisema haivuki mara 7 au 8. Hesabu ya namna hiyo usiitafute hapa. Na jambo la tatu, dogo: karatasi ikiwa bapa kabisa, mikunjo ina njia zaidi ya moja ya kuanza, na mara nyingine inachagua isiyo sahihi ikakwama. Dawa ipo. Unakishika kipeo kwa kipanya, unakivuta kidogo, na karatasi inapata njia. Hata hilo nimelifurahia, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kwa kidole.

Kwa watakaotaka kuingiza michoro yao, kazi ni nyepesi. Unachora katika programu yoyote inayohifadhi faili za SVG: mistari myekundu ni milima, ya buluu ni mabonde, myeusi ni mipaka ya karatasi, ya kijani ni mahali pa kukata kwa mkasi, ya njano ni ile ya ndani ya nyuso inayotakiwa kubaki bapa. Na pembe ya mwisho unaiandika kwa uwazi wa rangi! Mstari uliokolea kabisa unakunjika nyuzi 180, uliofifia nusu unakunjika nyuzi 90. Kwa hiyo kisanduku kinachorwa kwa mistari iliyofifia na bahasha kwa mistari iliyokolea. Inapokea pia faili za FOLD, muundo uliopendekezwa na Demaine, Jason Ku na Robert Lang ili programu za origami ziweze kupokezana kazi. Lang ni yule mwanafizikia aliyeacha ajira mwaka 2001 akafanya origami kuwa kazi yake, na TreeMaker yake ndiyo iliyowafundisha wengi kwamba kompyuta inaweza kubuni mchoro wa mikunjo wa mdudu mwenye miguu yake yote na vipapasio vyake. Umbo likikupendeza, unalitoa kama faili ya kuchapisha kwa printa ya vitu vya pande tatu.

Nimeona programu za kukunja karatasi zilizotangulia. ORIPA ya Jun Mitani ni hodari wa kukuonyesha umbo likishalala bapa. Kazi za Tachi kuhusu nyuso zisizopindika kabisa ni za ustadi mkubwa, na bila yeye hii isingekuwepo. Lakini hakuna iliyonipa hiki: uhuru wa kuagiza lisilowezekana na kuona, papo hapo na kwa rangi, ni wapi hasa na kwa kiasi gani haliwezekani.

Mwalimu wa hisabati mwenye kompyuta moja na projekta, usisubiri mada ya jiometria ifike. Fungua Miura-ori mbele ya wanafunzi, wape karatasi waikunje wenyewe, kisha washa rangi. Mbunifu wa vifungashio, mahema au samani, chora wazo lako usiku huu na uone litakunjika au litawaka. Na wewe unayejifunza kuandika programu na umechoka na mazoezi ya orodha za wanafunzi na alama zao: vipeo vinne, fito tano, bawaba moja. Ukifanikiwa hapo, msimbo wote wa Ghassaei uko wazi chini ya leseni ya MIT, unaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuutumia. Anza na faili zinazokokotoa kani za mikunjo.